Majivu kwenye Barafu

Jumamosi, 4 Januari 2020

Daftari hili nimepewa na Hilkka, jirani wa Baba, siku ya Krismasi. Alisema mtu anayekwenda kulidakia taifa lazima awe na mahali pa kuandika, asije akasahau. Mimi si mtu wa kuandika. Nabeba barua za watu wengine wiki nzima na zinanitosha. Lakini leo naandika, kwa sababu majina yametangazwa na langu liko juu: Kaisu Vuorela, kipa wa kwanza, mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni kwa wanawake, Kanada, mwisho wa Machi.

Miaka kumi na miwili nimekuwa kipa wa akiba. Kipa wa akiba ni mtu anayevuka bahari kwenda kufungua mlango wa benchi na kuwapa wenzake chupa za maji. Nimefungua milango hiyo mpaka bawaba zake nazijua kwa sauti. Sasa nina miaka thelathini na minne, na mlango atanifungulia mtu mwingine.

Mtu huyo ni Iiris Kallunki, wa klabu yetu hii hii ya Haukilampi. Ana miaka ishirini, ni mrefu kama ngazi, na mimi ananiita bibi. Najua anachokiomba kila akilala, kwa sababu niliomba hivyo hivyo kwa miaka kumi na miwili: aliye juu ateleze.

Nje ni mvua. Januari, na mvua. Nyonga yangu ya kulia inauma. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 6 Januari

Mvua.

Jumapili, 12 Januari

Mazoezi asubuhi. Kazi ya kipa siku hizi ni kuanguka magotini na kutandaza miguu pande zote mbili, kisha kuinuka, kisha kuanguka tena, mpaka mtu ajiulize kama ni michezo au ibada. Nikianguka upande wa kushoto, sawa. Nikianguka kulia, kuna kitu ndani kinang'ata, na kuinuka nainuka kwa kusaidiwa na mwamba wa goli.

Kabla hatujafika nusu, Iiris akaja kuniegemea.

"Nipishe kidogo, bibi. Mikwaju ya kulia yote niachie mimi leo."

"Una haraka ya nini?"

"Nimekula sana Krismasi. Nataka kupungua."

Mwili wenyewe hauna hata pa kupungulia. Nikampisha, nikakaa pembeni nikiuma meno. Ameshaanza kunisukuma, na safari yenyewe bado.

Baada ya hapo sauna, chumba chetu cha mvuke. Kwetu hakuna mkutano wa timu usioishia humo, na yanayosemwa humo ndiyo ya kweli. Benchi la juu ni la wakongwe, na pangu ni pale kwenye kona karibu na ndoo. Lakini kupanda kule kunataka kuinua mguu wa kulia mpaka karibu na kifua. Nikakaa chini.

"Panda, bibi. Huko chini ni kwa watoto."

"Leo moyo wangu hautaki joto."

Mficha uchi hazai, husema watu. Humu tulikuwa uchi wote, na bado nilikuwa nimejificha.

Alhamisi, 16 Januari

Supu ya njegere kwa Baba, kama kila Alhamisi. Mvua. Uani ni matope.

Jumamosi, 25 Januari

Baridi imekuja. Imechelewa, lakini imekuja, na asubuhi matope yalikuwa magumu kama matofali.

Niandike habari ya barafu ya uani, kwa sababu ndiyo iliyonilea. Tangu nilipokuwa na miaka sita, baba yangu Oiva hutengeneza barafu uani kila msimu wa baridi. Hafanyi kwa mashine. Ana mpira wa maji, ana koleo, na ana subira. Humwagia jua likishazama, tabaka jembamba, anasubiri lishike, tena tabaka jembamba, mpaka iwe laini kama sahani. Hapo ndipo nilijifunza kusimama, na mpaka leo, kabla ya kila mashindano makubwa, ninafanya mazoezi ya peke yangu hapo. Baba hukaa kwenye ngazi na kikombe chake, hasemi neno. Akisema "hm," nimedaka vizuri.

Leo nimekwenda na viatu vyangu vya barafu begani. Upande wa pili wa ua wa miti midogo, wajukuu wa Hilkka walikuwa wanateleza na kupiga kelele. Barafu yao imeshika. Yetu ilikuwa na mashimo na mapovu, na katikati kuna dimbwi.

"Baba, umemwaga saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana, na jua hili?"

"Mchana ndio nilikuwa na nafasi."

Mtu aliyestaafu kazi ya kiwanda cha karatasi miaka kumi na mitano iliyopita, nafasi ameikosa wapi? Sikusema. Ana miaka sabini na saba. Nikarudi na viatu vyangu.

Jumapili, 2 Februari

Leo sitaki kuandika lakini nikilala bila kuandika sitapata usingizi.

Nilimpigia jana nikamkumbusha: mwaga jioni, Baba. Akasema sawa. Leo nimefika, barafu ipo, kweli ipo. Na juu yake, kutoka goli hadi goli, kumemwagwa majivu.

Kila mtoto wa hapa anajua majivu ni ya njia, watu wasianguke. Jua hata likiwa hafifu, pale penye majivu linakula barafu mpaka chini. Kumwaga majivu kwenye barafu ya kutelezea ni sawa na kutia chumvi kwenye kahawa. Na aliyefanya hivyo ni Oiva Vuorela, ambaye aliwahi kumfukuza mkwe wa Hilkka kwa kukung'utia sigara yake mle.

"Baba, majivu haya nani kamwaga?"

"Mimi."

"Juu ya barafu?"

"Nilidhani ni njia."

Alisema bila kuniangalia. Akageuka, akaingia ndani kuweka kahawa. Nilibaki pale nikilitazama lile goli la mbao alilonitengenezea. Njia ya nyumba yake iko kulia. Imekuwa kulia tangu kabla sijazaliwa.

Jumatano, 5 Februari

Mvua tena. Redio inasema kuhusu ugonjwa wa China. Kaskazini huku kwetu yupo mgonjwa mmoja, mtalii, na amepona.

Jumapili, 9 Februari

Nimemwambia Hilkka kuhusu majivu. Aliweka mkono mdomoni.

"Na mimi nimemwona," alisema. "Juzi alisimama katikati ya ua na ndoo mkononi, anaangalia chini, muda mrefu. Nikamwita, hakuitika."

"Unadhani ni akili?"

"Mama yangu alianza hivyo hivyo, mwanangu. Yeye alitia soksi kwenye oveni."

Hilkka anaamini beri za msituni, vile vitunda vya buluu, zinasafisha ubongo. Ana ndoo nzima kwenye jokofu, alizochuma mwenyewe. Atakuwa anampelekea bakuli kila asubuhi na kumchungulia. Na mimi niende Kanada nimwache hivyo? Miaka kumi na miwili nimengoja, na mwaka wenyewe ndio baba anapotea na nyonga inanifia. Nikilala nasikia hasira, halafu sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 15 Februari

Yamenifika.

Mechi ya ligi, nyumbani. Kipindi cha pili, mshambuliaji wao alikuja peke yake upande wa kulia. Nikaanguka, nikadaka, watu wakapiga makofi. Nikataka kuinuka. Nyonga ikakataa. Imekaza, kama mlango uliovimba kwa maji. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mji mzima na siwezi kusimama.

Kabla mwamuzi hajanikaribia, mtu alishafika. Ni Iiris, ameruka kutoka benchi na mkanda mpya mkononi.

"Mkanda wa ngao ya mguu umekatika," alimwambia mwamuzi. "Tupe dakika."

Mkanda haukuwa umekatika. Aliinama kama anafunga, kichwa chake karibu na changu.

"Nishike begani. Taratibu. Usiangalie juu."

Nikamshika. Nikainuka. Tukashinda, na mimi sikumbuki mabao.

Kwa hiyo anajua. Mtu mmoja tu duniani anajua, naye ndiye anayeingia golini nikitoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Atakwenda kwa Kocha Maarit wa timu ya taifa, atasema maneno matatu, na jina langu litarudi kwenye mlango wa benchi. Na la kuniumiza zaidi ni kwamba atakuwa amesema kweli.

Jumatatu, 17 Februari

Hajasema.

Ijumaa, 21 Februari

Bado hajasema. Leo alinipisha kwenye mlango na kuniuliza kama nimelala. Anangoja nini? Labda anataka tufike Kanada, ndipo aseme, siku ya mechi ya kwanza, ili pasiwe na muda wa kuita mwingine.

Jumapili, 1 Machi

Nimekwenda kumuaga Baba kabla ya kambi. Uani maji matupu. Alikuwa amekula beri za Hilkka, midomo ya buluu kama mtoto.

"Unajua nakwenda wapi, Baba?"

"Kambini. Halafu Kanada." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Kwa nini unaniuliza?"

"Basi tu."

Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alisimama muda wote nilipokuwa napanda, akiangalia miguu yangu, kama mtu anayesahau alichotaka kusema.

Jumamosi, 7 Machi

Nataka kuyaandika haya yakiwa bado ya moto.

Tuko kambini tangu Alhamisi. Vidonge viwili vya maumivu asubuhi, viwili mchana. Jana nilidaka kila kitu, na Kocha Maarit akanigonga kofia na kusema, "Ndiwe niliyekuwa nakungoja." Nilikwenda chooni nikalia kwa maumivu, na kidogo kwa furaha, na sikuweza kutenganisha.

Leo asubuhi tulikuwa tumeshavaa nusu. Wengine walikuwa na ngao za miguu na hawana fulana. Maarit aliingia na koti lake la nje, simu mkononi. Maarit ni mwanamke asiyepandisha sauti, na leo ilikuwa chini zaidi.

"Kaeni."

Tukakaa.

"Mashindano yamefutwa. Ugonjwa. Hatuendi. Hakuna anayekwenda. Wanasema mwakani."

Kwanza hakuna aliyesikia. Kisha nahodha wetu akatupa kofia yake ukutani, na chumba kizima kikaanza kulia. Wanawake ninaowajua hawalii hata wakikatika meno, walikuwa wanalia wamekumbatiana. Mmoja alikuwa ameacha kazi ili aende. Mwingine ameahirisha harusi.

Na mimi. Hapa hakuna anayesoma, niseme. Nilisikia kitu kikifunguka kifuani, kama ukivua viatu vya barafu baada ya mechi ndefu na miguu inapata hewa. Hatuendi. Sitalazimika kuanguka upande wa kulia mbele ya dunia nzima. Sitamwacha Baba na majivu yake. Nilikuwa nafurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa uso wangu, nikachukua taulo nikajifunika kichwa, watu wadhani nalia. Mabega yalikuwa yanatikisika kweli, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi.

Nilipochungulia, nilimwona Iiris kwenye kona ya pili. Naye ana taulo kichwani, naye mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, maskini, analilia goli aliloliona karibu hivi. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Sauna ilifungwa. Kila mtu aende kwake, wakasema. Tuliondoka bila kukaa pamoja kwenye joto, na mambo yaliyotakiwa kusemwa mle tukaondoka nayo.

Jumapili, 8 Machi

Nimempigia Baba.

"Nimesikia redioni," alisema. "Vizuri."

"Vizuri?"

"Nimesema pole."

"Umesema vizuri, Baba."

"Basi nimekosea. Pole."

Akakata simu. Nimekaa na ile simu mkononi. Maneno nayo yameanza kumchanganya.

Jumanne, 17 Machi

Kila kitu kimefungwa. Uwanja wa barafu umezimwa mitambo, imebaki sakafu ya saruji yenye madimbwi. Wenye miaka zaidi ya sabini wamekatazwa kukaribiana na watu. Sisi wa posta tunaendelea, na glavu. Watu waliokuwa wananipa andazi la iliki mlangoni sasa wananipungia mkono dirishani.

Redio inasoma idadi ya waliokufa, nchi baada ya nchi. Na mimi niliyafurahia haya. Najua furaha yangu haikumuua mtu, lakini nikisikia hesabu ile nazima.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemwachia Baba vyakula kwenye ngazi: maziwa, mkate mweusi, viazi, samaki. Nikarudi nyuma mpaka kwenye gari. Akatoka, akachukua, akainua kidole. Kwa kawaida yake hayo ni mazungumzo marefu.

Nyonga imepumzika wiki mbili. Leo nimepanda ngazi za jengo la kanisa bila kushika ukuta.

Jumamosi, 28 Machi

Usiku wa jana baridi ilishuka kweli, ile ya msimu wenyewe, imekuja wakati hakuna anayeihitaji. Nilikwenda na mfuko wa vyakula. Nilipozunguka pembe ya nyumba, nikausahau mkononi.

Barafu.

Haina shimo wala povu. Laini kutoka goli hadi goli, ya buluu kwa mbali, kingo zimekatwa kwa koleo zikanyooka. Sijaona barafu nzuri hivyo uani mwetu tangu nilipokuwa shule. Njia ya nyumba, upande wa kulia, ilikuwa imemwagwa majivu vizuri, na hata chembe moja haikuvuka mpaka.

Mtu anayepotewa na akili hawezi kuifanya kazi ile. Nilisimama nikiangalia mpaka maziwa yakaanza kuganda, na kichwani nikaanza kujumlisha.

Baba alikuwa dirishani. Nikamwonyesha barafu kwa mkono. Akainua mabega. Kisha akaandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo: KESHO SAUNA. Chini yake: LETA MTOTO YULE. Ndivyo anavyomwita Iiris.

Jumapili, 29 Machi

Iiris alikuja na baiskeli, pua nyekundu. Baba alikuwa ameshawasha sauna ya uani, na mwenyewe ameketi kwenye ngazi za nyumba, kule mbali, na blanketi na kikombe. Wageni wawili kwenye sauna, yeye nje. Sheria zote zimefuatwa.

Iiris alikaa juu. Mimi chini, kona ya mbali, karibu na mlango. Alimwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatushukia. Kisha nikasema, kwa sababu nisingeweza kubeba zaidi.

"Ile siku ya taulo. Mimi sikuwa nalia."

Alichota maji kwa kata.

"Nilifurahi. Nyonga imekufa tangu vuli. Wewe unajua. Nilifurahi kwamba hatuendi, na wenzangu wote wanalia. Sasa sema unalotaka kusema."

Alimwaga maji tena. Nikasikia sauti ya ajabu kule juu. Nilidhani amepaliwa na mvuke. Alikuwa anacheka.

"Bibi, mimi nilikuwa nacheka. Chini ya taulo. Nilijiuma mkono wasisikie."

"Wewe? Ulikuwa unapata goli."

"Ndiyo. Ndiyo maana." Akashuka benchi moja. Uso wake, bila kofia na bila masihara, ni uso wa mtoto. "Mimi natapika kabla ya kila mechi. Natapika hata za kirafiki. Tangu nijue kuhusu nyonga yako silali. Kila siku nilikuwa naomba, Mungu, mshikie bibi nyonga yake mpaka medali, halafu hata ikivunjika sawa."

"Ile mikwaju ya kulia."

"Nilikuwa nakutunza."

"Nami nikadhani unanisukuma."

"Usidhani nakupenda," alisema. "Nilikuwa najitetea nafsi yangu."

Tulicheka mpaka mvuke ukatukaba. Wiki ngapi nimekaa nikimngoja anisaliti, kumbe tulikuwa tunaomba dua moja.

Tukatoka kibarazani na mataulo, miili inatoa moshi kwenye baridi. Baba alikuwa bado kule kwenye ngazi, ua mzima wa barafu katikati yetu. Baba yangu ni mtu anayesema kwa kunong'ona hata akiitwa mezani. Lakini umbali ulikuwa umbali, na alikuwa na jambo. Ikabidi apaze sauti.

"Umeona barafu?"

"Nimeona. Ni nzuri, Baba."

"Ingeweza kuwa nzuri tangu Januari."

Iiris alisimama kando yangu, mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo.

"Nilimwaga mchana kwa makusudi," alipaza. "Na majivu. Niliyabeba ndoo tatu."

"Kwa nini?"

"Nilikuona unavyoshuka kwenye gari la posta. Tangu Novemba. Unatanguliza mguu mmoja kama ng'ombe mzee anayeshuka lori."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesikia?"

Akanywa kahawa kwanza.

"Kukukataza siwezi," alisema, na sauti ilikwaruza kwa kutozoea. "Hujawahi kukatazika. Lakini barafu ni yangu. Nikasema, kama atavunjika, asivunjikie kwenye ya kwangu."

Nililia pale kibarazani, mbele ya watu, bila taulo la kichwani. Nilikuwa nimeogopa miezi miwili kwamba naanza kumpoteza baba yangu, na kumbe alikuwa ananiangalia kuliko wakati wowote.

Na hapo ua wa miti ukatikisika. Hilkka, na kofia yake ya sufu, kichwa kimechomoza.

"Oiva Vuorela. Kwa hiyo akili unayo."

"Ninayo."

"Na beri zangu? Ndoo nzima, za kutibu ubongo. Umezila bure?"

Baba alifikiri.

"Sikuzila bure," alisema. "Nilizila na maziwa."

Jumatatu, 30 Machi

Nimempigia Kocha Maarit. Iiris alinipa ruhusa kusema na lake, kwa sababu alisema yeye mwenyewe atatapika kwenye simu.

Nikamweleza Maarit yote mawili.

"Ulitaka kunipeleka Kanada na kipa wa mguu mmoja na mwingine wa ndoo."

"Ndiyo."

"Ningekufuta siku hiyo hiyo."

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

Nilisikia anapumua. Nilijiandaa kwa lolote. Miaka kumi na miwili, nikasema moyoni, na itaishia kwenye simu, nimesimama jikoni na soksi.

"Mashindano ni mwakani," alisema. "Nenda ukatibiwe, hospitali zikifunguka. Ukipona, tutaangalia nani anasimama golini, na sikuahidi kitu. Usipopona utakuja vilevile. Yule mtoto anahitaji mtu wa kumshika kichwa."

"Kufungua mlango wa benchi."

"Na chupa za maji. Unazijua."

Jambo la ajabu, halikuniuma. Nikaweka simu, nikala viazi vilivyobaki, vya baridi, na vilikuwa vitamu.

Alhamisi, 2 Aprili

Supu ya njegere, kwenye kopo, ngazini. Iiris alidaka uani, mimi nikimrushia visahani vya hoki kwa mkono kutoka kwenye kiti. Alitapika kwanza nyuma ya ghala. Kisha akadaka kumi na tisa mfululizo. Kule kwenye ngazi, Baba akasema "hm."

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Jua kali, theluji inadondoka kutoka kwenye paa. Barafu ya uani imeanza kulainika, na katikati ina rangi ya maziwa.

Nilifika na mayai, nikayaweka ngazini, nikarudi mpaka kwenye lango. Baba alitoka na ndoo ya majivu. Alikwenda mpaka ukingo wa barafu, akasimama, akanitazama kutoka upande mwingine wa ua. Safari hii aliniangalia machoni.

"Naruhusiwa?"

Nilitazama goli la mbao, na ule uso laini niliojifunzia kusimama. Nyonga ilikuwa kimya.

"Mwaga, Baba," nilisema. "Mwaga yote."